Kichaka cha Saa Nne Asubuhi

Mtu aliyeandika kwamba kile kilikuwa kichaka alikuja saa nne asubuhi. Nimeishi na jambo hilo miaka kadhaa sasa na bado linanichoma. Alikuja na daftari, viatu vyake vimepigwa rangi vikang'aa, akasimama nyuma ya bweni letu la wasichana, akatazama mistari mitatu ya miti mifupi ya kijani, akaandika: kichaka, kifyekwe. Hakuuliza mtu. Angemuuliza hata msichana aliyekuwa akianika nguo hatua chache kutoka pale, angeambiwa arudi alasiri.

Asumini ni ua la alasiri. Matumba yake hujaa baada ya adhuhuri, meupe, yamefumba. Huchumwa kabla ya magharibi na kutungwa yakiwa bado yamefumba, kisha hufunguka yenyewe jioni juu ya nywele au kifua cha aliyeyavaa, na hapo ndipo harufu inapotoka. Yaliyoachwa mtini hufunguka usiku na kuanguka. Sisi hatukuwa tukiacha hata moja. Kadiri tulivyofanya kazi yetu vizuri, ndivyo mti ulivyoonekana mtupu kesho yake asubuhi. Bwana wa daftari aliyaona matokeo ya bidii yetu akayaita uchafu.

Chuo chenyewe kilikuwa Kisauni, upande wa kuelekea Magogoni, na nilikuwa hapo mwishoni mwa miaka ya themanini. Kilifundisha walimu. Mimi nilitoka Changamwe, mtaa ambao upepo wake ulinuka mafuta na moshi wa malori, na nyumbani kwetu ua la kunukia lilionekana siku ya harusi tu. Mwenzangu wa chumbani alitoka Kaloleni, kwenye minazi na mahindi, binti wa wakulima. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Herufi zake zilisimama wima kama watoto waliopangwa mstari, na wahadhiri walizoea kumwita ubaoni aandike ili sisi tunakili.

Muhula wa pili alifiwa na mama yake. Alikwenda, akazika, akarudi baada ya siku nne kwa sababu ruhusa aliyopewa ilikuwa ya siku nne. Aliporudi, mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Kikombe cha chai kilimwagika kabla hakijafika mdomoni. Alipoitwa ubaoni, chaki ilivunjika mara tatu, na mara ya tatu darasa likacheka. Akaweka kipande cha chaki mezani, akarudi kwenye kiti chake, na tangu siku hiyo hakuandika tena mbele ya watu. Akiwa peke yake alijaribu, na nilizikuta karatasi chini ya godoro lake. Mistari yote ilipanda na kushuka, haisomeki.

Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi mitatu mbele. Ulikuwa wa kuandika, karatasi baada ya karatasi, saa tatu kila moja. Asiyeweza kushika kalamu alikuwa amekwisha. Yeye alilijua hilo, mimi nililijua, na chuo kizima kililijua kwa namna ile ambayo watu hujua jambo huku wakitazama pembeni.

Zahanati ya chuo ilimpa dawa ya malaria. Alipomaliza akapewa nyingine. Mlezi wa wanafunzi, mwanamke aliyepokea mshahara kwa kazi hiyo ya ulezi, alimwambia kila mtu hufiwa na kwamba afanye sala, akaze moyo. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na mlezi aliyezungumza naye huku akigonga mihuri.

Aliyeitazama ile mikono hasa alikuwa mfagiaji wa bweni letu.

Alikuwa mama wa makamo wa Magogoni, mnene kidogo, mwepesi wa kukasirika, na miguu yake ilimuuma kila mvua ilipokaribia. Zile asumini alizipanda yeye. Alileta vipandikizi kutoka kwake, akavichomeka nyuma ya bweni pale maji ya bafuni yalipokuwa yakitiririka bure, bila kumwomba mtu ruhusa. Pembeni alipanda rehani, yale majani ya kunukia. Kazi yake ya kufagia ilipokwisha, alitandika mkeka na kutengeneza vikuba, vile vifurushi vidogo vya maua na majani ya kunukia ambavyo wanawake wa pwani huvaa kifuani au kwenye nywele. Alikuwa na maharusi wake mtaani waliomtegemea.

Siku moja mwenzangu alipita na ndoo ya maji, na maji yakawa yanaruka pande zote.

"Wee binti," yule mama akaita. "Hiyo mikono yako ina nini?"

"Shikamoo mama. Sijui."

"Marahaba. Yatetema. Tangu lini?"

"Tangu nimzike mama."

Mfagiaji akasogeza mguu wake unaomuuma. "Basi weka ndoo chini, njoo ukae. Nishapiga deki hapo. Ukinimwagia, utapiga wewe."

Hakumpa sindano ya kutungia maua. Alimpa chelewa, ule uti mwembamba wa jani la mnazi, kwa sababu chelewa haichomi. Akamwekea mapajani rundo la matumba ya asumini.

"Shika hapa, kwenye kikonyo. Si hapo. Hilo ni ua, mwanangu, si tonge la ugali. Usilifinye."

Matumba kumi ya kwanza yalichanika. La kumi na moja liliingia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitabu, nikijifanya nasoma, na nikasikia mwenzangu akivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu arudi.

"Nawe wa Changamwe, wasimama hapo kama mlinzi wa benki," yule mama akaniambia. "Njoo ushike uzi."

Tukawa wawili, kisha watano, kisha saba. Saa kumi masomo yakiisha tulikwenda nyuma ya bweni, tukachuma, tukakaa. Yule mama alikuwa na sheria moja: alama za mtihani hazitajwi juu ya mkeka wake. Aliyezitaja alipewa kazi ya kuchambua majani makavu ya rehani. Mengine yote yalisemwa. Tulisema wanaume, tulisema chakula cha chuo, tulisema mhadhiri aliyevaa suruali moja wiki nzima. Vikuba vyangu vilikuwa vibaya daima.

"Hiki nacho ni n'ni?" alikuwa akikinyanyua juu wote wakione. "Hiki ukimvisha bibi harusi, bwana harusi atauliza gunia la mkaa lauzwa kiasi gani."

Vya mwenzangu vikawa vizuri. Baada ya wiki ya pili aliomba sindano, akapewa. Alikuwa na jicho la kupanga: jani la rehani, matumba matatu, jani, matumba matano, mpaka kifurushi kikazunguka kama ganda la konokono. Yule mama alikigeuza huku na huku, akakosa cha kukitia ila, akasema tu, "Uzi umeufupisha." Nilimfahamu vya kutosha kujua hiyo ilikuwa sifa kubwa. Na ile mikono, kazi ilipoendelea, ilitulia. Kwanza ilitulia mkekani tu. Kisha ikatulia hata wakati wa chakula cha jioni. Mwishoni mwa mwezi nilimkuta kitandani akimwandikia baba yake barua, na herufi zilikuwa zimesimama wima tena. Niligeukia ukuta, nikalia kidogo.

Hakuna aliyesema kwamba yule mama anatibu mtu. Mwenyewe angekasirika kusikia. Alikuwa na kazi nyingi na mikono michache, akapata mikono. Lakini nauliza, na nimeuliza kila mahali nilipopata nafasi ya kuandika: chuo kilichokuwa na zahanati, mlezi, na ofisi nzima ya mambo ya wanafunzi, kilikuwa na nini kingine kilichoweza kuituliza mikono ile? Kitu kimoja tu, na kilimea kwa maji machafu ya bafuni.

Kisha ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atatembelea chuo.

Aliyeona maandalizi ya mgeni mkubwa miaka ile hahitaji kuelezwa. Nyasi hukatwa mpaka ardhi ikaonekana. Mawe hupangwa kando ya njia na kupakwa chokaa. Miti nayo hupakwa chokaa hadi kiunoni, kana kwamba imevalishwa soksi. Bwana wa daftari alizunguka asubuhi moja akiandika. Asubuhi iliyofuata, tukiwa darasani, watunza uwanja wakaja na mafyekeo na mapanga.

Tuliporudi adhuhuri, mistari mitatu ilikuwa visiki vya kimo cha kiganja. Matawi yalikuwa yamekwisha kubebwa. Na visiki, visiki vyenyewe, vilikuwa vimepakwa chokaa.

Hilo la chokaa ndilo siwezi kulisamehe. Mtu aliyekata kwa kutojua nitamvumilia. Lakini kuna mtu aliyeinama na brashi, au aliyemtuma mwenzake ainame, akaukuta utomvu bado haujakauka, akaupaka rangi ya sherehe.

Mfagiaji alisimama na ufagio wake. Akasema, "Haya," akaingia kufagia. Mwenzangu alikaa pale ambapo mkeka ulikuwa ukitandikwa, akaweka mikono mapajani, akaitazama. Ilikuwa imeanza tena kutetemeka.

Nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi siku hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na niliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa.

"Mmekatiwa maua," alisema, akiendelea kugonga mihuri. "Kwa hiyo?"

"Mwenzangu alikuwa anaanza kuandika tena, mwalimu. Ile kazi ya kutunga ndiyo iliyomsaidia. Mtihani ni wiki tatu."

"Aende zahanati."

"Amekwenda."

"Aende tena. Nyinyi ni walimu wa kesho, binti. Hamkuletwa hapa kujifunza mapambo ya harusi. Na mambo hayo ya kujifukiza maua ya kunukia, mimi nimelelewa nikijua yanaita majini. Kama mwenzako anatetemeka, labda tuanzie hapo."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, na bila shaka siku ya harusi yake kichwa chake kilijaa asumini. Nikamwambia hivyo. Akanitoa ofisini.

Siku mbili kabla ya ugeni, karani wa mkuu wa chuo alikuja bwenini akimtafuta mfagiaji. Alikuwa kijana wa heshima, na aliona haya kabla hajafungua mdomo.

"Mama, ofisi inaomba. Mgeni anataka kupokewa kipwani. Wanasema wewe ni hodari wa vikuba. Vitatakiwa thelathini."

"Thelathini."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie mkubwa wako maua yake yapo pale nyuma," yule mama akasema, akikamua kitambaa cha deki. "Meupe kabisa. Ayang'oe amvishe mgeni. Atazame tu, chokaa haijakauka vizuri."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, hata karani akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona mwenzangu akicheka mwaka ule. Mgeni alivishwa shada la maua ya plastiki lililonunuliwa dukani, jekundu na manjano, lenye vumbi kwenye mikunjo. Alihutubia kwa muda mrefu juu ya kutunza mazingira.

Ilibaki wiki mbili na ushei. Yule mama alianza kuleta matumba kutoka kwake Magogoni, amefunga kwenye jani la mgomba lililoloweshwa maji, kidogo kidogo, kiasi cha mtu mmoja. Sisi wengine tulimwachia yeye. Mwenzangu alitunga kikuba kimoja kila alasiri, chumbani, mlango umefungwa. Mikono ikarudi nusu. Aliniambia kwamba kinachomsaidia hasa ni kukigusa baadaye, kuhesabu kwa kidole majani na matumba aliyoyapanga mwenyewe. Kwa hiyo akawa anaingia nacho katika mtihani, kikuba cha jana yake kimebanwa kwa pini ndani ya kola ya blauzi, kimeshasinyaa na kuwa na rangi ya chai. Karatasi ya kwanza aliandika. Ya pili akaandika. Alitoka akinionyesha kidole kilichoingia wino, na uso wake ulikuwa mwembamba lakini ulikuwa wake.

Karatasi ya tatu ilikuwa ya mchana, na msimamizi alikuwa mgeni kwetu, mtu aliyeletwa kutoka bara kwa kazi hiyo. Alimwona akipeleka mkono kwenye kola. Akamwona tena.

"Toa."

Akatoa. Msimamizi akakipeleka puani, akakiondoa haraka.

"Hii ni nini?"

"Ni kikuba, bwana."

"Kikuba ni nini? Ni hirizi?"

"Ni maua tu."

"Maua yamefungwa namna hii? Umeficha nini ndani?"

Akakata uzi kwa wembe wa kuchongea penseli. Akakifungua jani kwa jani, tumba kwa tumba, akilitazama kila moja kwenye mwanga, akitafuta karatasi yenye majibu. Ilichukua muda. Ukumbi wote ulikuwa umeinua kichwa. Zaidi ya nusu yetu tulikuwa watoto wa pwani, tuliozaliwa katika nyumba ambazo kikuba si kitu cha kuulizwa, na ingetosha mtu mmoja tu asimame aseme, bwana, hilo ni pambo, bibi zetu huvaa. Hakuna aliyesimama. Mimi nilikuwa viti vitatu nyuma yake. Nilimwogopa msimamizi, niliogopa karatasi yangu kuchukuliwa, nikainamisha kichwa nikaandika. Hata sasa ninapomkasirikia bwana wa daftari, na mlezi, na msimamizi, najua kwamba orodha haijakamilika.

Hakukuta kitu. Hakuomba radhi. Alisukuma kile kirundo cha majani makavu hadi ukingoni mwa dawati, akasema, "Endelea."

Nilikuwa nikiuona mgongo wa mwenzangu. Aliichukua kalamu mara nyingi. Karatasi yake ilipokusanywa ilikuwa na ukurasa mmoja, na nilipopita karibu niliona mistari ikipanda na kushuka.

Alianguka karatasi ile. Kanuni za chuo zilisema aliyeanguka moja arudie mwaka mzima. Sisi tukaondoka tukiwa walimu, yeye akabaki.

Kilichofuata watu hupenda kukisikia, kwa hiyo nakisema haraka. Masika yalinyesha, maji ya bafuni yaliendelea kutiririka, na vile visiki vikapasua chokaa vikachipua. "Walikata, hawakung'oa," mfagiaji alimwambia mwenzangu. "Hata kuharibu hawajui." Asumini iliyokatwa hurudi na nguvu, na mwaka ule ilizaa kuliko kawaida. Mkeka ulitandikwa tena. Mwenzangu alikaa juu yake alasiri kwa alasiri, na mwisho wa mwaka aliandika karatasi zote, akafaulu vizuri, akapewa shule Likoni, mtaa wa Shika Adabu, ambako anafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika herufi.

Nikiwasimulia wenzangu wa kalamu, huniambia, basi, ulikuwa mwisho mwema, panga lilisaidia. Wallahi sijapata kusikia upuuzi kama huo. Hakupogolewa yeye. Alipotezewa mwaka wa maisha yake, alilala mwaka mzima katika chumba kile na msichana asiyemjua, akijua kwamba watu wazima wenye vyeti walikuwa wameishika mikono yake na kuiachia. Ua lilirudi kwa tabia yake. Chuo hakina sehemu katika hilo.

Mwaka juzi tulikwenda pamoja, mimi na yeye, kumtafuta yule mama. Tuliambiwa alikwisha kuachishwa kazi, miguu ilimshinda, na tulimkuta baadaye kwake Magogoni, bado anatukana vikuba vyangu. Lakini kwanza tulipita nyuma ya bweni. Pamejengewa ukuta mfupi. Kuna viti vya saruji na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya kijani: Bustani ya Utulivu wa Wanafunzi. Usichume Maua. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Chini ya miti, ardhi ilikuwa imetapakaa asumini za jana na juzi, kahawia, zinateleza chini ya viatu. Niliambiwa wakubwa huzipenda sana, na wageni huletwa kuziona asubuhi, zikiwa bado nyeupe chini, kwa sababu ndipo maua yanapoonekana.

Mwenzangu alivuka ukuta, akaanza kuchuma.

Askari wa lango alikuja, bila haraka. "Dada, hamkuona kibao?"

"Nimekiona, kaka. Mimi ni mwalimu, kusoma najua."

"Basi mbona wachuma?"

"Saa ngapi sasa?"

Akatazama saa yake. "Kumi na robo."

"Ndiyo saa yake," akasema, na hakusimama. Alichuma kwa mikono miwili, akishika kila tumba kwenye kikonyo, na mikono ilikuwa imetulia. Askari alitazama kidogo, akakuna shingo, akasema mamake pia alikuwa akivaa hayo, akarudi langoni.

Nilimkingia upindo wa leso yangu. Alichuma mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, hakuacha hata moja, mpaka miti ikabaki kijani kitupu, tayari kwa mtu wa saa nne asubuhi.